Natafuta mwalimu wa Kichina sanifu: niko Guzhen, Zhongshan, siyo Guangzhou

Bi_Taa
Habari za humu wakuu. Ninaishi Guzhen, ule mji wa taa ulio ndani ya Zhongshan, Guangdong. Kibali changu cha ukaazi ni cha familia, mwenye kibali cha kazi ni mume wangu. Nataka kusoma Kichina sanifu kwa utaratibu, siyo "duoshao qian" (bei gani) tu ya dukani. Nikitafuta shule kwenye ramani naletewa vituo vya watoto vya Kiingereza na uchoraji. Nikiandika Zhongshan Daxue, napelekwa Guangzhou!

Naomba kujua: nitafute wapi na kwa maneno gani, bei ya haki ni ipi, na nitamtambuaje mwalimu wa kweli? Je, HSK 3, ngazi ya tatu ya mtihani wa Kichina kwa wageni, inafikika bila kwenda Guangzhou kila siku? Halafu mtaani hapa ni Kikantoni mwanzo mwisho, naogopa kubeba lafudhi ya ajabu.

Kaka_Xiaolan
Karibu dada. Tuanze na ramani maana inawapoteza wengi. Zhongshan Daxue ni chuo kikuu kilichopewa jina la Sun Yat-sen, na mji wa Zhongshan nao umepewa jina lake kwa sababu alizaliwa huku. Kampasi za chuo ziko Guangzhou, Zhuhai na Shenzhen. Mji wa Zhongshan hauna hata moja.

Usitafute "shule ya Kichina". Wachina wenyewe hufundishwa yuwen, somo la lugha yao shuleni, kwa hiyo ukiandika "Zhongwen xuexiao" unaletewa mambo ya watoto. Neno la kazi ni 对外汉语 (duiwai hanyu), yaani Kichina kwa wageni. Liandike pamoja na jina la mji, 中山 au 古镇, kwenye Xiaohongshu (mtandao wa kijamii) kwanza, kisha 58同城 (matangazo madogo), na mwisho Gaode (ramani). Kwenye Xiaohongshu usiishie kusoma matangazo. Weka la kwako: mgeni, kiwango sifuri, Guzhen au Xiaolan (mji wa jirani), siku unazoweza, bei unayoweza. Andika kwa Kichina cha programu ya kutafsiri, wataelewa. Namba ya simu usiiweke hadharani, malizana nao kwenye ujumbe wa ndani ndipo muhamie WeChat.

Katika mji mdogo hivi unatafuta mtu zaidi ya shule. Kuna makundi mawili. La kwanza ni wanafunzi wa vyuo wanaosomea 汉语国际教育, fani ya kufundisha wageni Kichina: tarajia yuan 60 hadi 100 kwa saa. La pili ni walimu wenye 国际中文教师证书, cheti cha kimataifa cha ualimu wa Kichina: yuan 120 hadi 200, na akija nyumbani ataongeza nauli. Anayekutajia 300 kwa mwanafunzi wa sifuri, mwambie umesikia.

Kwa hofu yako ya lafudhi, omba kuona 普通话等级证书, cheti cha matamshi ya Kichina sanifu. Mwalimu wa yuwen katika shule za serikali hutakiwa awe na 二级甲等 au zaidi, yaani alama 87 kwenda juu. Weka kiwango hicho hicho. Mwenye cheti ataitoa picha kwenye simu bila kununa.

Kisha omba 试听 (shiting), kipindi cha majaribio, na umuulize swali moja: lini natumia 二 na lini 两, ilhali zote ni mbili? Mwalimu atakuandikia mifano mitatu minne na kukuonyesha kwamba 两 hukaa mbele ya kihesabio, lile neno linalokaa kati ya namba na kitu kinachohesabiwa. Asiye mwalimu atasema "sisi tumezoea hivyo tu". Mshukuru, uendelee kutafuta.

Na angalia 课时 (keshi). Mikataba inahesabu kwa keshi, siyo kwa saa, na keshi moja mara nyingi ni dakika 40 au 45. Keshi 20 za dakika 40 ni saa 13 na dakika 20. Watu wanalinganisha bei za walimu wawili bila kuuliza hili, wanachagua aliye ghali wakidhani ndiye nafuu.

Mwenye_Jalada
Kaka_Xiaolan kamaliza upande wa tuisheni. Mimi naongeza karatasi.

Tuisheni haigusi kibali chako, lakini pia haikupi kibali. Chuo kinachoruhusiwa kupokea wageni ndicho kinachotoa fomu ya JW202 ya viza ya masomo kwa anayejilipia. Kituo cha mtaani kikikwambia "lipa mwaka mzima, viza tutashughulikia", ondoka. Wewe una kibali cha familia, hiyo ni nafuu kubwa: huhitaji chuo kwa ajili ya karatasi, unakihitaji ukitaka kasi tu.

Ukitaka kasi, muhula wa chuo ni saa 16 hadi 20 kwa wiki, kila asubuhi. Jina la mwanafunzi wa lugha tu ni 汉语进修生. Ada za Guangdong mara nyingi ni kati ya yuan 7,000 na 12,000 kwa muhula, bila malazi, na bima ya wanafunzi wa kigeni kwa kawaida ni yuan 800 kwa mwaka. Muhula unaanza Septemba na mwishoni mwa Februari au Machi. Maombi ya Septemba yapelekwe Mei au Juni. Watakutaka nakala ya pasi, cheti cha sekondari, fomu ya afya ya wageni na hati ya polisi ya kutokuwa na kosa. Hiyo ya polisi ndiyo inayokwamisha watu, kwa sababu hutoka nyumbani na huenda ikadaiwa kuthibitishwa. Ianze mapema kuliko zote.

Guangzhou kuna Jinan Daxue na chuo chake cha 华文学院, ambacho kazi yake ndiyo hii ya Kichina kwa wageni, kuna Zhongshan Daxue yenyewe, na Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Guangdong. Treni za mjini kwa mjini zinasimama Guzhen na Xiaolan, lakini usipumbazwe na muda wa treni peke yake: unashushwa Guangzhou Kusini, halafu metro hadi wilaya ya Tianhe inakula muda tena. Kwenda na kurudi kila siku kwa kipindi kinachoanza saa mbili asubuhi utachoka kabla ya kufika somo la kumi.

Kabla ya kulipa chuo chochote, pita dirisha la 出入境 (kuingia na kutoka nchini) la polisi wa Zhongshan uulize kama kusoma muda wote kwa kibali cha familia kunakubalika au lazima ubadili. Jibu la chuo halitoshi, anayegonga muhuri ni polisi.

Shangazi_Toni
Salamu nyingi. Nagusa lafudhi tu.

Watu wa Guangdong wengi hawakunji ulimi: zh, ch, sh zinatoka kama z, c, s. Kwa hiyo 10 (shi) na 4 (si) zinafanana, na dukani Guzhen ukaulizia taa ukasikia "sisi", hujui ni 14 au 40. Kinachoziokoa ni toni. Kumi inapanda, nne inaanguka. 14 inapanda kisha inaanguka, 40 inaanguka kisha inapanda. Hapo ndipo uone kwa nini toni haisubiri "nikishajua maneno kwanza". Ukibaki na shaka, mpe kikokotoo aandike.

Tatizo letu waongeaji wa Kiswahili ni mkazo. Sisi tunaegemea silabi ya pili kutoka mwisho, na ya mwisho tunaiachia ianguke. Sema "Zhongshan" kama unavyosema neno lolote la kwetu: "shan" imeshuka. Kwa Kichina silabi zote mbili ni toni ya kwanza, juu na bapa, na ya mwisho isilegee. Jirekodi kwenye simu, mwalimu atamke, nawe utamke mara tano ukifuatisha.

Kingine ni pumzi. Herufi b, d, g za pinyin (Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini) ni kama p, t, k zetu bila pumzi, na p, t, k zao zina pumzi. Weka karatasi nyepesi mbele ya mdomo: kwa p itikisike, kwa b itulie. Watu wa Mvita hapa mnapata bure, ni ile tofauti ya paa la nyumba na p'aa wa porini.

Saa kumi za mwanzo ziwe za pinyin na toni tupu. Silabi za Kichina bila toni ni kama 400 tu, zinaenea kwenye jedwali moja. Mwalimu anayekimbilia mazungumzo siku ya kwanza anakufurahisha, lakini kusahihisha toni baadaye ni kazi nzito. Na kama wa mtaani hakuridhishi, mchukue wa Kaskazini kupitia Tengxun Huiyi (programu ya mikutano ya video) kwa matamshi, na wa hapa kwa mazungumzo ya ana kwa ana.

Bi_Taa
Ahsanteni sana, nimenakili yote. Kuna kituo kimoja Xiaolan kimejibu: nifundishe watoto Kiingereza saa mbili kwa wiki, nao wanifundishe Kichina bure. Nikubali?

Mwenye_Jalada
Usikubali, dada. Malipo si lazima yawe pesa. Kufundisha kwenye kituo bila kibali cha kazi kunaweza kuhesabiwa kazi haramu, na Sheria ya Kuingia na Kutoka ina faini ya yuan 5,000 hadi 20,000 kwa mgeni, na ikionekana ni nzito, kizuizini siku 5 hadi 15. Kubadilishana lugha na rafiki mkahawani ni jambo jingine.

Kaka_Xiaolan
Naunga mkono. Kuhusu HSK 3: inafikika ukiwa hapo hapo, vipindi vitatu kwa wiki na mazoezi kila siku. Kwa muhtasari wa zamani ni maneno 600, na kupita ni 180 kati ya 300. Viwango vipya vilivyotangazwa 2021 vinadai maneno mengi zaidi, kwa hiyo muulize mwalimu anafuata muhtasari upi kabla hujanunua kitabu. Kuanzia ngazi ya 3 karatasi haina pinyin, basi anza herufi za Kichina mapema. Usajili ni kwenye tovuti ya chinesetest.cn, vituo viko Guangzhou. Chagua 机考, mtihani wa kompyuta: unaandika kwa kuchapa pinyin na kuchagua herufi, badala ya kuzichora kwa mkono. Mtihani wa karatasi hufungwa usajili karibu mwezi mmoja kabla, wa kompyuta unakuachia muda zaidi.