Upepo wa barabara kuu kwenye Pulsar NS200: nianzie kioo, mkao au helmeti?

Njia_ya_Kati:
Wakuu, habari za leo. Naomba msaada kuhusu upepo. Pikipiki ni Pulsar NS200, haina kava la mbele wala kioo cha kukinga upepo. Safari ni Dar hadi Singida kupitia Morogoro na Dodoma, kama kilomita 700, halafu kurudi. Mjini haina tatizo lolote. Ikivuka kilomita 90 kwa saa kifua kinasukumwa nyuma, shingo inauma, masikio yanavuma hadi usiku, na usukani unatikisika kidogo kidogo, hasa nikiwa nyuma ya basi. Nabeba boksi la nyuma la lita 45 na begi la mgongoni. Urefu wangu sentimita 178. Dukani naambiwa nifunge kioo kirefu na yote yatakwisha. Kabla sijatoa hela, je, kioo kinasaidia kweli, au kuna la kufanya kwanza?

FundiMtoni:
Mkuu, kioo weka pembeni kwanza, tushughulike na huo usukani unaotikisika. Pikipiki nzima, iliyopakiwa vizuri, hupigwa na upepo ikayumba mara moja ikatulia. Ikiendelea kutikisika, upepo unakuonyesha kitu kilicholegea.

Anza na tairi. Pima upepo wa tairi asubuhi kabla pikipiki haijatembea, kwa sababu tairi ikishapata moto inasoma psi 3 au 4 zaidi na utadanganyika. Fuata kipimo cha kitabu cha pikipiki, na nyuma tumia kile cha kubeba abiria kama una mzigo. Angalia pia umbo la tairi ya nyuma: ikiliwa katikati hadi ikawa bapa, pikipiki itatangatanga kila upepo wa pembeni unapopiga, hata kama mabonde ya tairi bado yanaonekana.

Pili, beringi za shingo ya usukani. Inua gurudumu la mbele lielee. Shika sehemu ya chini ya foki (miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) kwa mikono miwili, vuta mbele na nyuma. Ukisikia "tok" ndogo au kuhisi mchezo, imelegea. Sasa shika usukani kwa kidole kimoja kila upande, ugeuze polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Ukifika katikati usukani ukajikalia wenyewe, kama umeangukia kwenye kishimo, gololi zimeshachimba njia yake. Hapo hakuna kukaza. Kukaza kutafanya usukani ugande pale katikati na pikipiki ishindwe kujinyoosha yenyewe. Badilisha seti nzima, juu na chini. Ukiwa hapo hapo, tikisa gurudumu la nyuma kushoto na kulia uhisi kama bushi za mkono wa nyuma (chuma kinachoshika gurudumu la nyuma) zina mchezo.

Tatu, boksi. Lita 45 linakaa juu na nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma. Kila kilo unayotia humo inapunguza uzito kwenye gurudumu la mbele, na boksi lenyewe linapigwa na upepo kama mlango ulio wazi. Humo weka nguo na vitu vyepesi tu, na usivuke uzito ulioandikwa kwenye bati la boksi na kwenye keria. Fuata ule mdogo. Spana, maji na vitu vizito vifunge kwenye kiti cha abiria au begi la tanki. Shokabu ya nyuma ipandishe ngazi moja au mbili, vinginevyo mkia unazama na pua inainuka.

Ukirekebisha hayo, kimbia 90 bila boksi, halafu rudia na boksi. Utajua mwenyewe mchawi ni nani.

Kusi_na_Kaskazi:
FundiMtoni kamaliza upande wa chuma. Mimi naongeza upande wa mwili, kwa sababu mtikisiko wa pikipiki wazi mara nyingi unatoka pia kwenye mikono ya dereva.

Nguvu ya upepo inakua kwa mraba wa mwendo. Mtu mzima aliyekaa wima, kifua wazi, kwenye 80 anasukumwa kwa nguvu inayokaribia kilo 9. Kwenye 110 ni kama kilo 17, karibu mara mbili, ingawa mwendo umeongezeka 30 tu. Ongeza upepo wa mbele wa kilomita 30 kwa saa, zinakuwa kama kilo 28. Ukizibeba kwa kuning'inia kwenye usukani, basi kila upepo unaogusa bega lako unashuka mkononi na kugeuza gurudumu la mbele. Usukani ni wa kuongozea. Haukuwekwa pale uwe wa kujishikilia.

Mkao wenyewe: sogea mbele kidogo kwenye kiti. Bana tanki kwa magoti na mapaja, kama unabana mtungi usidondoke. Weka sehemu pana ya unyayo juu ya kikanyagio, siyo katikati ya mguu. Kisha inama kuanzia nyonga, siyo kuanzia shingoni, mgongo ukiwa umenyooka. Viwiko vikunje na vishushe. Ukipata pembe sahihi, upepo wenyewe unabeba kifua na uzito unaondoka kwenye viganja. Hiyo ndiyo dalili kuwa umepatia. Jaribio ni jepesi: ukiwa kwenye 90, chezesha viwiko juu na chini kama kuku anayepiga mabawa. Usukani ukicheza, bado unaning'inia. Ukitulia, uko sawa. Kuinamia tanki kabisa kifudifudi fanya kwa dakika chache tu, kwa mfano unapopita sehemu ya wazi yenye vishindo vya upepo, kwa maana shingo haivumilii kutazama juu muda mrefu.

Begi la mgongoni ondoa kabisa. Linapepea, linavuta mabega nyuma, na ndilo linalokuumiza shingo.

Kuhusu njia yako: kipindi cha kiangazi, upepo wa bara huko unatoka mashariki na kusini mashariki. Kwenda Dodoma utakuwa nao mgongoni zaidi, utajiona shujaa. Kurudi ndipo utakutana nao uso kwa uso, kwa hiyo usipange mwendo na mafuta ya kurudi kwa hesabu ya kwenda. Sehemu ya kuiangalia kwa makini ni Manyoni hadi Singida, maana barabara inaelekea karibu kaskazini moja kwa moja na upepo unakatiza. Ukipanda kwenda Singida unakupiga kulia, unakusukuma kwenye bega la barabara. Ukirudi Manyoni unakupiga kushoto, unakusukuma kwenye upande wa magari yanayokuja. Wakati wa kurudi, kaa nusu ya kushoto ya njia yako na uache nafasi ya kusukumwa. Wakati wa kwenda, kaa katikati au kulia kidogo, usitembelee ukingo wa lami.

Upepo ukikupiga kutoka kulia, sukuma mkono wa kulia wa usukani mbele, kidogo sana, pikipiki italalia upande wa upepo na kwenda mbele sawa. Kutoka kushoto, sukuma wa kushoto. Kishindo kikiisha, legeza hapo hapo. Usipambane nao kwa mabega. Na teremsha mwendo hadi 70 au 80, kwa sababu upepo wa pembeni nao unakuwa mkali zaidi kadiri unavyokimbia.

Asubuhi mapema mara nyingi hewa imetulia. Jua likishapanda, ardhi ya Dodoma na Bahi ikipata moto, upepo unakuja kwa vishindo na visulisuli vinaanza. Ukiona kisulisuli cha vumbi kinakaribia barabara, punguza mwendo, kiache kikatize. Ndani yake upepo unabadilika upande katika mita chache tu.

BintiGairo:
Naongezea masikio na nguo, kwa sababu kelele ndiyo inayochosha kabla ya misuli, na watu wengi hawaipi uzito.

Ndani ya helmeti kwenye 100, sauti ya upepo inavuka desibeli 90. Saa nyingi za hiyo kelele zinaharibu usikivu, na ule mvumo unaousikia usiku ni masikio yakilalamika. Nunua vizibo vya sponji vya famasi. Wengi wanavisukumiza vikiwa vinene, halafu wanasema havifanyi kazi. Kiviringishe kati ya vidole hadi kiwe chembamba kama njiti, pitisha mkono mwingine juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 20 hadi 30 kikijaa taratibu. Ukisema neno na sauti yako ikasikika kama inatoka ndani ya kichwa, kimekaa. Honi utaisikia, kwa sababu mvumo wa upepo uliokuwa unaifunika nao unapungua.

Helmeti iwe ya kufunika uso mzima, iliyobana mashavu: ukiizungusha kwa mkono, ngozi ya shavu iende nayo. Ikizunguka peke yake ni kubwa, na upepo utaiinua hadi kamba ikukabe kidevu. Ile yenye kapelo ya mbele kama za pikipiki za matope iache nyumbani. Ukigeuza kichwa kwenye 100, kapelo inavuta shingo. Shingoni vaa skafu ya bomba, uzibe mwanya chini ya kidevu. Hapo ndipo upepo unapoingia na kuvuma.

Koti libane kiwiliwili, mikono ifungwe kwenye vifundo. Reflekta inayopepea ifunge zipu hadi juu au ivae saizi yako. Na kunywa maji hata kama huhisi kiu, maana upepo unakausha jasho kabla hujaliona. Simama kila saa moja. Chalinze, Morogoro, Gairo, Dodoma na Manyoni ni vituo vyenye kila kitu.

Njia_ya_Kati:
Asanteni sana, wakuu, na dada BintiGairo. Shingo ya usukani nimeipima, ina kile kishimo cha katikati, kwa hiyo inabadilishwa. Sasa kioo: kipo au hakipo? Na malori nipishane nayo vipi?

FundiMtoni:
Kioo kipo, lakini kidogo. Kwenye NS200 taa ya mbele inageuka pamoja na usukani, hivyo kioo chochote utakachofunga pale kitapokea upepo na kuupeleka moja kwa moja kwenye usukani. Kile kirefu cha dukani kitakupa kifua kitulivu na gurudumu la mbele lenye kiherehere. Chukua chenye kimo cha sentimita 25 hadi 30, kinachoondoa upepo kifuani na kuacha kichwa kwenye hewa safi. Vioo vinavyobana kwenye bomba la usukani havikufai, kwa sababu usukani wako ni vipande viwili vilivyoshikwa kwenye foki. Tafuta chenye vishikizo vya kwenye bolti za taa.

Acha mwanya wa sentimita 2 au 3 kati ya kioo na taa. Hewa inayopita hapo inajaza nyuma ya kioo; ukiziba, upepo wa juu unajikunja na kukupiga kidevuni. Kama ni kutoboa, tundu liwe pana kuliko bolti kwa milimita 1 au 2, weka washa za raba pande zote mbili, kaza hadi raba ianze kubonyea tu. Ukikaza zaidi, ufa unaanzia kwenye tundu. Geuza usukani hadi mwisho kulia na kushoto uone kama waya za klachi na moto (kishikio cha kuongeza mwendo) hazivutwi. Petroli isiguse kioo, osha kwa maji na sabuni.

Kujua kama kimo ni sahihi: kwenye 80, barabara ikiwa tupu, jinyanyue kidogo kwenye kiti. Kelele ikipungua ukiinuka, kioo ni kirefu mno kwako, kilaze nyuma au kipunguze. Ikipungua ukiinama, kiinue kidogo. Kwa kimo chako nadhani utaishia kukilaza.

Kusi_na_Kaskazi:
Malori. Semi inayokuja mbele yako inasukuma hewa mbele ya pua yake: kwanza inakusukuma kushoto, kisha mkia wake unakuvuta kulia. Sogea kushoto ndani ya njia yako kabla haijafika, inama, bana tanki, legeza vidole, moto uwe ule ule. Usiguse breki.

Kulipita lori au basi ni kazi nyingine. Ule mtikisiko wa nyuma ya basi ni hewa iliyovurugika, na mabasi na malori yanabanwa kwenye 80, kwa hiyo utakaa humo muda mrefu usipojipanga. Rudi nyuma hadi helmeti iache kupigwa, sekunde 4 au zaidi. Hapo unaona mbele na unapata nafasi ya kuongeza mwendo. Ukitoka, acha mita 2 kati yako na ubavu wake. Upepo ukiwa unatoka kushoto, lori linaukinga. Ulikuwa umelalia upande wake, ukiingia kwenye kivuli utavutwa kulielekea, na ukipita pua yake upepo unarudi wote kwa mara moja na kukusukuma kulia. Jiandae kusukuma mkono wa kushoto mita chache kabla ya pua. Kama kuna gari linakuja mbele hata kwa mbali, subiri.

Usukani ukianza kutikisika katikati ya mwendo, usiubane. Bana tanki, lalia mbele, funga moto taratibu bila breki hadi utulie.

Njia_ya_Kati:
Nimeelewa. Beringi za shingo Jumamosi, kioo kidogo baada ya kujaribu bila boksi. Nitaleta majibu ya jaribio la 90.