Baba mdogo kateleza Kibirizi

Kikundi: WANA WA UJIJI 🌴

Jumanne

07:52 Juma: Asalaam alaykum ndugu zangu. Mzee kateleza leo alfajiri mwaloni Kibirizi, alikuwa anashuka kwenye ubao wa mtumbwi na ndoo yake ya dagaa, kajigonga kichwa kwenye ubavu wa boti. Msiwe na wasiwasi lakini, anaongea vizuri, kanywa chai na vitumbua, damu hata tone hamna. Yupo barazani

07:55 Shangazi Gungu: Waalaykum salaam. Ya Rabi, na umri ule bado anapanda mitumbwi huyu kaka yangu. Mkandeni na barafu alale

07:56 Mama Hawa: Juma kagonga wapi hasa

07:57 Juma: Kisogoni dada. Kwenye saa 12 hivi. Kauvimbe kadogo kama limau

07:57 Mama Hawa: Mpelekeni hospitali sasa hivi

07:58 Juma: Dada yuko sawa kabisa, hapa anamtania mama

08:01 Mama Hawa: Juma nisikilize. Mtu wa warfarini, hii dawa ya kuchelewesha damu kuganda, akigonga kichwa hatukai kusubiri tuone. Damu inaweza kuwa inavujia ndani ya fuvu taratibu huku yeye anakula vitumbua na kutania watu, ikifika jioni ndo kichwa kinauma, anatapika, maneno hayaeleweki, hapo mmeshachelewa. Na hiyo kwamba nje hakuna damu haina maana yoyote. Ukifika mapokezi, kabla hata ya kutaja jina lake sema ANATUMIA WARFARINI. Na ubebe vidonge vyenyewe na kile kikaratasi cha vipimo, usiwaeleze kwa mdomo tu

08:02 Kaka Dar: Msikilizeni Mama Hawa. Juma natuma nauli sasa hivi, chukua boda

08:02 Mama Hawa: BAJAJI. Sio boda, na mashimo yale ya barabara

08:06 Juma: Anasema haendi popote dagaa bado hazijaanikwa

08:07 Shangazi Gungu: Mpe simu

08:15 Juma: Haya kapanda bajaji 😅 shangazi umemwambia nini

08:16 Shangazi Gungu: Nimemwambia nikija hapo ndoo nzima narudisha ziwani

09:24 Juma: Tumefika, wamemchukua fasta nilivyotaja dawa. Anasubiri CT, ile picha ya ndani ya kichwa, na damu wametoa ya kupima ile namba ya kuonyesha inachelewa kuganda kiasi gani

09:30 Shangazi Gungu: Alhamdulillah. Ila mimi niseme ukweli hiyo dawa toka mwanzo moyo wangu ulikataa. Jirani yangu kaniambia ile ni sumu ya panya

09:31 Dada Tabora: Hata mimi nilisikia ivo shangazi nikaona aibu kuuliza

09:41 Mama Hawa: Jirani hajakosea 😂 ni kweli. Ilianzia kwa ng'ombe huko Marekani na Kanada miaka ya 1920, walilishwa majani makavu yaliyoota ukungu wakawa wanavuja damu hadi kufa, ng'ombe anakatwa pembe tu damu haikati. Wataalamu wa chuo kikuu cha Wisconsin wakakitafuta hadi wakakipata hicho kitu kilichomo kwenye majani, 1948 ikatoka dawa ya panya, 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata rais wao Eisenhower alipopata shambulio la moyo naye akapewa. Panya anajilia anavyotaka hapimwi na mtu. Mimi nakula miligramu za kuhesabu na damu napimwa, ndo tofauti yetu

09:42 Shangazi Gungu: Kwa hiyo ni sumu

09:42 Mama Hawa: Shangazi 🙆🏾‍♀️ hata chumvi ukila kikombe kizima utaiita sumu

09:50 Dada Tabora: Kwani baba mdogo anakunywa ya nini haswa, mimi najua kuhusu wewe tu na valvu yako ya chuma ya moyoni

09:58 Mama Hawa: Moyo wake unapiga ovyo ovyo, hauna mpangilio. Damu inatuama kwenye chumba kimoja cha moyo inaganda, kipande kikichomoka kinapanda ubongoni. Ule mdomo uliopinda mwaka jana ndo huo, kidogo kiharusi kimchukue. Yeye namba yake wanataka iwe kati ya 2 na 3, mimi na chuma changu kifuani natakiwa 2.5 hadi 3.5. Asiyetumia dawa yupo kwenye 1. Ikishuka chini damu inaganda, ikipanda sana unavuja. Ndo maana sipendi mkiita dawa ya kulainisha damu, damu haiwi maji, inachelewa tu kuganda

11:38 Juma: CT imetoka, hakuna damu ndani alhamdulillah 🙏🏾 ila daktari hajafurahi, namba imesoma 5.9. Wamesema warfarini asinywe kwanza, wamempa vitamini K, na atalala wodini wamwangalie maana inaweza kuvuja baadae

11:39 Kaka Dar: 5.9?? Mwezi uliopita si ulisema 2.4

11:40 Mama Hawa: Hiyo haijapanda yenyewe. Mama mdogo upo humu? Amezidisha vidonge?

11:52 Mama Mdogo: Nipo wanangu namenya ndizi. Hajazidisha, mimi mwenyewe ndo nampa kila siku baada ya isha, nusu kidonge na kimoja kwa zamu kama walivyoandika. Na masharti nafuata, mboga ya majani toka tulivyorudi kliniki mara ya mwisho hajaionja. Sombe nimemnyima, matembele nimemnyima, mchicha ndo kabisa. Ananuna mpaka jirani wanajua

11:53 Mama Hawa: Yalaa mama mdogo nani alikwambia umnyime

11:54 Mama Mdogo: Si wenyewe walisema mboga inaharibu dawa

12:06 Mama Hawa: Hawakumaanisha umnyime mama. Iko hivi, ini linatumia vitamini K kutengeneza vitu vya kugandishia damu, na warfarini kazi yake ni kumzibia ini njia hapo. Majani ya kijani yana hiyo vitamini nyingi. Wao dozi wanaipanga kufuata mlo wake wa siku zote, sasa kama alikuwa anakula sombe mara nne kwa wiki afu ghafla umekata zote, dawa ile ile inakuwa na nguvu kuliko jana, namba inapanda. Na akirudia kujaza sahani inashuka. Mimi masika ikiingia matembele yakijaa kila uwanja najichunga, kiangazi vile vile, nisije nikafuata bei ya soko. Mwache ale sombe yake, ila iwe kiasi kile kile wiki hadi wiki. Na dagaa za mawese ale

12:08 Mama Mdogo: Mungu wangu kumbe nilikuwa namtesa mume wangu bure

12:09 Mama Hawa: Umetesa na namba pia 😄 Lakini mboga peke yake kufika 5.9 bado sijaridhika. Kuna kitu kingine chochote alikunywa wiki hizi mbili? Hata panadol

12:21 Mama Mdogo: Hamna. Labda zile za jino

12:21 Mama Hawa: Za jino

12:24 Mama Mdogo: Jino lilimuuma wiki iliyopita akapita duka la dawa huko njiani wakamfungia. Kaficha nyuma ya redio nisijue maana nilisema aende kung'oa

12:27 Mama Mdogo: 📷 Picha

12:29 Mama Hawa: Metronidazo ya kuua vijidudu. Na diklofenaki ya maumivu. Zote mbili 😭

12:30 Kaka Dar: Mbaya?

12:39 Mama Hawa: Ya kwanza ile inaizuia warfarini isitoke mwilini, kila kidonge anachomeza kinakaa muda mrefu kuliko mlivyopanga, namba inaruka. Ya pili inachubua tumbo na inaharibu kazi ya chembe zile za damu zinazoziba jeraha, unaweza kuvuja tumboni usijue mpaka uone choo cheusi kama lami. Septrini nayo ni kama ile ya kwanza, na aspirini usiguse mpaka daktari wako aseme. Maumivu ni panadol, nayo kwa kipimo, sio kila siku mwezi mzima. Muuza duka simlaumu sana, ataijuaje warfarini kama mzee hajasema? Anaingia dukani anasema jino jino jino, hasemi kingine

12:40 Juma: Nimemuuliza hapa. Anasema hakuulizwa

12:41 Shangazi Gungu: Huyo tangu tukiwa watoto ndo jibu lake

12:55 Dada Tabora: Mimi nilitaka kumtumia asali ya huku na treni ya kesho, ile nachemsha na tangawizi na saumu nyingi inasafisha mishipa

12:58 Mama Hawa: Asali tuma dada tena usimsahau mdogo wako 😋 Saumu ya kwenye mchuzi haina shida, ila hiyo ya kuchemsha chupa nzima anywe asubuhi na jioni hapana, mpaka kliniki wajue. Mitishamba yote ni hivyo

20:10 Kaka Dar: Nimeongea na jamaa ofisini mama yake badala ya warfarini anatumia dawa za kisasa, hazipimwi pimwi wala mambo ya mboga. Si tumbadilishie mzee hata kama ni bei

20:19 Mama Hawa: Kwa baba mdogo ni swali zuri, muulizeni daktari wake, ataangalia figo zake na valvu zake zikoje, na mjipange hela iwe ya kila mwezi sio ya miezi miwili afu kimya, maana zile ukiruka siku mbili huna ulinzi kabisa. Kwa sisi wenye valvu za chuma hamna kitu. Walijaribu moja, matokeo yalitoka 2013, utafiti wakausimamisha njiani watu waliganda damu na wengine wakavuja. Kwa hiyo mimi na warfarini ni ndoa ya kikatoliki na mimi Muislamu

20:20 Kaka Dar: 😂😂😂

20:24 Dada Tabora: Na mtoto mwingine je mdogo wangu, au ndo Hawa basi. Samahani kama nimevuka mpaka

20:33 Mama Hawa: Hujavuka. Dawa hii mimba ikiwa changa inaharibu mtoto, inabidi upange na madaktari kabla hujashika mimba, wanakubadilishia sindano, uchomwe mwenyewe tumboni kila siku, na valvu nayo inaweza kuziba hapo katikati. Tulikaa na baba Hawa usiku mmoja tukaongea mpaka adhana ya alfajiri. Hawa ananitosha

20:34 Dada Tabora: ❤️

20:41 Juma: Mzee kala uji, macho mazima, kataja majina yetu wote, na ya mbuzi

Alhamisi

10:15 Juma: Katoka jana jioni, leo asubuhi tumerudi kupima. 2.8 🎉 dawa anaanza tena leo usiku, wiki ijayo tena kipimo. Jino atang'olewa lakini daktari wa meno kataka aione namba kwanza, na kasema asiache dawa mwenyewe kwa sababu ya jino

10:32 Mama Mdogo: 📷 Picha

10:33 Mama Mdogo: Kanunua daftari, anaandika mwenyewe. Jana kaandika "Dawa hakuna. Namba nasubiri. Sombe sahani moja, mke kashuhudia"

10:34 Shangazi Gungu: Kaandika na dawa za jino?

10:35 Mama Mdogo: Hizo kazifuta na wino lakini zinasomeka

10:40 Mama Hawa: Mimi langu lipo la tatu sasa. Nanywa saa 2 usiku simu ikilia, maana wakinipa majibu mchana wakibadilisha dozi naanza usiku ule ule. Nikisahau nikakumbuka kabla sijalala nakunywa, ikishafika kesho naandika nimeruka, sinywi mbili. Na karatasi nyuma ya kava la simu, "valvu ya chuma, warfarini, nisichomwe sindano ya makalio". Juzi hapa mgebuka kanichoma na mwiba kidoleni nikabana na kanga dakika 20 huku nakoroga ugali kwa mkono mmoja

10:44 Mama Mdogo: Na wewe mwanangu mara ya mwisho ulipima lini?

10:52 Mama Mdogo: Mama Hawa

10:58 Mama Hawa: Nilienda vipimo vikawa vimeisha wakasema nirudi wiki inayofuata

10:58 Mama Mdogo: Lini

11:03 Mama Hawa: Wiki ya tisa hii

11:03 Kaka Dar: WEWE

11:04 Shangazi Gungu: Subhanallah huyu naye

11:05 Juma: Dada kesho saa 1 asubuhi nipo mlangoni kwako. Na bajaji