Tupeane uzoefu: sensa ya oksijeni imewahi kukusumbua?

Mwenye Probox, Malindi
Wenzangu, taa ya injini yawaka wiki ya tatu sasa. Mafuta niliyokuwa nikiendea Mombasa na kurudia, siku hizi yaniishia kabla ya Kilifi nikirudi. Plagi nyeusi tititi, na nyuma naambiwa natoa moshi. Mashine ya kusoma hitilafu ilitoa kodi P0171, fundi akasema sensa ya oksijeni, ile ya kwenye ekzosi inayoonja oksijeni ya moshi. Nikatafuta iliyotumika, nikafungiwa. Taa ikalala siku mbili, ya tatu ikawaka. Waliopitia haya, nisimulieni kabla sijatoa pesa tena.

Mbeba chumvi, Gongoni
Yangu ilikuwa kodi P0141, kihita (kipasha-moto) cha sensa ya nyuma. Fundi wa kwanza alininunulisha mpya. Kabla haijafungwa akaja mwingine, akachomoa soketi tu, akanionyesha pini zimeota ukijani. Na mimi kazi yangu ni chumvi, ningeshangaa nini? Akazisugua, akakata kipande cha waya kilichooza, akaunga upya. Taa haijarudi. Ile sensa mpya ningali nayo kwenye boksi, kama kuna anayeitaka.

Mwalimu, Watamu
Ya kwangu niliiua kwa ubahili. Kava ya valvu ilivuja oili, na badala ya gasketi nikakubali fundi apake silikoni, ile ya madirisha, tena akaimwaga kama ugali. Baada ya muda gari likawa latetemeka kila nikisimama, na petroli inakwenda. Sensa ilipofunguliwa, ncha nyeupe kama imepakwa chokaa. Kumbe mvuke wa silikoni huvutwa na injini, ukaungua, ukaganda pale kwenye ncha. Hiyo haisafishiki, nilinunua mpya. Ipo silikoni ambayo kopo lake limeandikwa haidhuru sensa, lakini ni nani husoma kopo?

Dereva wa Garsen
Mimi nilikuwa njiani mvua za mwisho wa 2023. Nikapita maji ekzosi ikiwa moto, wiki ile ile sensa ikafa. Ndani mna kauri, na kauri ya moto ikipigwa maji baridi hupasuka. Sina la kuongeza, niliumia tu.

Fundi, Maweni
Hadithi zote hizi nimeziona. Ukiitoa sensa, itazame ncha kabla hujaitupa. Masizi makavu, basi mafuta yanaingia mengi. Masizi yenye ulaini wa oili, ringi za pistoni zimechoka. Na gari linalopoteza maji ya redieta kimyakimya kupitia gasketi ya hedi nalo huiua. Ukifunga mpya bila kutibu hayo, umemzika wa kwanza na kumchimbia wa pili.

Kupima si uchawi. Hizi za kawaida, injini ikishapata moto, volti zake hupanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9, hazitulii. Iliyochoka hujikokota, au hukaa mahali pamoja. Usiipime injini ikiwa baridi, kwani haiamki mpaka ipate nyuzi 300 na ushei. Kihita ni cha kuiharakisha.

Sasa wewe wa Probox. P0171 haikusema sensa ni mbovu. Imesema kompyuta inaona hewa nyingi na mafuta machache. Hebu nijibu: asubuhi ukiwasha, wasikia "tsi-tsi-tsi" huko mbele?

Mwenye Probox, Malindi
Yakhe, naisikia! Hupotea injini ikipata moto. Nilidhani ni mkanda.

Fundi, Maweni
Chuma hutanuka, hujiziba. Ekzosi ikivuja kabla ya sensa, moshi hutoka kwa mapigo, na baina ya pigo na pigo hewa ya nje hunyonywa ndani. Sensa yaonja oksijeni ambayo si ya injini, kompyuta yadhani injini ina njaa, yaongeza petroli. Ndiyo makaa ya plagi zako hayo. Kesho, kabla hujawasha, ingia na tochi utazame pale manifoldi, bomba la kwanza la ekzosi, inapokutana na injini.

Mwenye Probox, Malindi
Nimetoka chini sasa hivi. Gasketi ya manifoldi imeungua upande mmoja, masizi yamechora mstari mweusi hadi kwenye hedi. Gasketi nimeipata kwa pesa isiyofika robo ya ile ya sensa. Wa Gongoni, sasa tuko wawili wa kuuza.