Rangi ya fedha ya MiG-21 inatoka na ukungu, nifanyeje?

Kijana wa Mbagala: Wakuu, habari zenu. Naunda modeli ya plastiki ya ndege ya kivita MiG-21, kipimo cha 1/72. Chumba cha rubani tayari, pande mbili za bodi bado nimezishikiza kwa selotepu. Nimejaribu rangi ya fedha, aina ya laka, kwenye fremu za plastiki zilizobaki baada ya kukata vipande. Ikikauka inafubaa, inakuwa na weupe kama maji yaliyotiwa maziwa. Napuliza usiku nikitoka kazini, na masika haya nyumba nzima ina unyevu. Naitaka ing'ae, ionekane bati tupu.

Fundi Rangi Ilala: Mkuu, rangi yako ni nzima, huo ni unyevu. Thina ya laka inaruka haraka, na ikiruka inapoza pale ilipopakwa. Mvuke wa hewani unageuka vitone na kunaswa ndani ya rangi. Sisi wa magari tunakutana nao kila masika. Tafuta thina inayokauka taratibu, ulizia maduka ya rangi za magari Kariakoo. Ijaribu kwenye fremu kwanza, maana nyingine zinakula plastiki. Puliza saa nane mchana, siku ya jua. Kompresa iwe na kichujio cha maji, na tangi ulimwage kila ukimaliza. Kipande chenye ukungu usikikwangue. Kipulizie thina hiyo kidogo tu, mara nyingi kinarudi.

Bi Msasa: Nakazia: fedha haifichi kitu, hata mkwaruzo wa ukucha utauona. Osha vipande kwa sabuni ya vyombo, piga msasa wa maji, kisha nyeusi ya kung'aa. Iache hadi kesho yake, ndipo upige fedha kwa tabaka nyembamba. Kazi yote iko kwenye hiyo nyeusi.

Mzee wa Feri: Kijana wangu, bodi usiifunge bado! Gurudumu la mbele liko puani na uzito mwingi uko nyuma, itakalia mkia. Nunua chubwi kwa wavuvi, zigonge ziwe bapa, uzibandike ndani ya ile koni ya mdomo wa hewa, pale puani. Ni madini ya risasi hayo, yana sumu, nawa mikono.

Kijana wa Mbagala: Shikamoo mzee, asanteni wote. Chubwi nafuata kesho. Stika za maji nazo, zile za kuloweka, zinakaa juu ya fedha moja kwa moja?

Bi Msasa: Ikiwa laini na inang'aa, ndiyo. Palipofubaa na kukwaruza, hewa hunaswa chini ya stika na kuacha weupe, hapo tanguliza vanishi ya kung'aa.