Mjadala: Mkulima wa Dodoma alazimishwe kupanda mtama?

MLETA MADA (Kongwa): Ndugu zangu, tulijadili hili kabla mvua hazijaanza. Kila msimu ukikaribia tunaambiwa tuache mahindi, tupande mtama na uwele, maana tabianchi imebadilika. Sasa kuna wenzetu wanataka sheria ndogo: kaya isiyo na ekari ya mtama itozwe faini. Mimi mtama nalima, ila faini naipinga.

Kuhusu mmea wenyewe sina ubishi. Dodoma tuna msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600. Zingenyesha kwa mpangilio, hata mahindi yangepona. Lakini Februari mvua hukata wiki mbili, tatu, mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Hapo gunzi linabaki na punje za kuhesabu, hata mvua ikirudi Machi. Mtama hukunja majani ukangoja, na mvua ikirudi unaendelea.

Basi kwa nini watu hawaupandi? Ndege! Kweleakwelea mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, kwa hiyo kundi la ndege milioni moja linamaliza tani 10 kabla jua halijazama. Hindi limefungwa ndani ya maganda yake, mtama uko wazi juu ya suke. Anayetunga faini aniambie kwanza nani atakaa shambani mwezi mzima.

MCHANGIAJI (Mpwapwa): Mleta mada, kwa heshima, unatetea njaa. Mvua zikigoma, aliyepanda mahindi matupu ndiye wa kwanza kuomba chakula cha msaada, na mzigo unakuwa wa kijiji kizima. Mbegu bora zipo. Macia imeidhinishwa nchini tangu 1999, ni fupi na inakomaa mapema. Watu wanang'ang'ania mahindi kwa sababu ya ugali mweupe tu.

MLETA MADA: Ugali si jambo dogo, kaka, lakini tuuache. Macia ni mweupe na hauna ukakasi, ndege wanaupenda kuliko ule mwekundu wa wazee wetu. Nikipanda mwekundu ndege wanapungua, nikifika sokoni mnunuzi anataka mweupe. Mahindi nayauza wakati wowote, hata mabichi ya kuchoma. Hapa Kongwa tunakumbuka mpango wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951: wataalamu walikuja na matrekta na majibu tayari, ardhi na mvua vikawashinda. Tuulizwe kwanza.

MCHANGIAJI (mama wa Chamwino): Wanangu, nyote mnasema kweli ila hamjawahi kuamia ndege. Mimi nimeamia tangu nikiwa msichana. Unaamka alfajiri, unapanda dunguni na kombeo, unapiga debe mpaka giza. Ukienda kuchota maji, wameshatua. Zamani watoto ndio walioamia. Sasa wako shule, na mimi siwezi kumtoa mjukuu darasani kwa ajili ya suke. Hiyo kazi imebaki kwetu wanawake, na wanaopanga faini hawaihesabu.

Lakini nakupinga kitu kimoja, mwanangu wa Kongwa. Shamba la mtama likiwa peke yake katikati ya mahindi, ndege wote wanatua kwako. Mwaka tuliopanda majirani wengi kwa wiki moja, kila mmoja aliliwa kidogo, tukavuna. Kwa hiyo hili si la mtu mmoja kujichagulia.

MLETA MADA: Mama, shikamoo. Hilo la kupanda pamoja limenigusa, na nakiri linapunguza nguvu ya hoja yangu: mimi nilitaka kila mtu aachiwe uamuzi wake. Faini bado naikataa, kwa sababu kaya ya mjane mwenye jembe la mkono ndiyo itakayoilipa. Ila naweza kukubali mkutano wa kijiji upange eneo moja la mtama, wiki moja ya kupanda, na zamu za kuamia. Na taarifa za mazalia ya kweleakwelea zipelekwe mapema, si kungoja ndege ya kunyunyizia dawa ije masuke yakiwa yamebaki makapi.

Mpwapwa, zamu hizo wanaume wa kwenu watazikubali?