Umekatazwa, unakula tu, halafu harambee ni yetu sote?

Kijana wa Section 58: Wazee kwa vijana, niko na swali na msinitusi. Huku Nakuru niko na mjomba, namheshimu sana, ana sukari tangu enzi za NHIF, ile bima ya afya ya zamani. Daktari alimkataza soda, chapo na chipo. Juzi nimempata kwa kibanda karibu na steji, chapo nne, madondo, soda baridi ya mililita 300, anakula ameangalia ukuta ka mtu anaficha simu ya deni. Kuniona akasema "kijana, sukuma ni ya ng'ombe pia". Haijaisha wiki mbili tumewekwa kwa grupu ya kuchanga, figo zimeanza kusumbua. Sasa mimi nakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi ya SHA, hii bima mpya, nitake nisitake, halafu nachanga tena. Mtu anajua kabisa hii kitu inanimaliza na bado anaagiza ya pili, sisi tulipe mpaka lini? Na si yeye peke yake, hata nyinyi wa Kisumu na migongo wazi yenu ya kukaangwa na mafuta ya wiki mbili, kesho mko kwa wadi mnalia serikali.

Nyar Obunga: Ulikuwa unaongea poa mpaka hapo mwisho. Mgongo wazi umekukosea nini? Mama yangu amekaanga Obunga miaka ishirini, karo yangu yote imetoka kwa hiyo karai. Na unajua hata ni nini? Mbuta inaingia kiwandani, minofu inatolewa, inawekwa barafu, inapelekwa Ulaya. Sisi tunaachiwa kichwa, mfupa na ile nyama imeng'ang'ania ubavuni. Hiyo ndio tunakaanga mpaka mfupa unavunjika ka biskuti. Enda uulize anayekula minofu, usiulize anayekula mifupa.

Kijana wa Section 58: Mama sijatusi mtu, nimesema mafuta.

Nyar Obunga: Mama ni mama yako. Mimi niko na miaka 26.

Shangi ya Molo: 😂😂 Lakini tusisingizie ziwa jameni, hata hapa Nakuru kuna mahali ile mafuta imekuwa nyeusi mpaka unaweza jiona uso. Mnakumbuka ile stori ya mafuta ya transfoma? Stima inapotea mtaa mzima, watu wanasema mafuta imeenda kwa chipo, ati hiyo haiishi haraka.

Odijo K'Ondele: Hiyo ilikuwa Nairobi.

Shangi ya Molo: Ilikuwa kila mahali omera, hata kampuni ya stima ilikuwa inalalamika.

Nasi Lanet: Naomba niseme kitu kama muuguzi anashinda kliniki ya sukari. Wagonjwa wengi hawajakataa kusikia, tumewaambia vitu hawawezi kufanya. Hapa kwetu tuko na karatasi ya chakula imechapishwa sijui wapi, imeandikwa brokoli, salmoni, mafuta ya zeituni. Mzee wa Kaptembwo anaikunja anaweka mfukoni, na akifika kwake anakula chenye kiko. Hakuna mahali imeandikwa omena, managu, mrenda, nduma, wala ugali kiasi gani. Na ugali ndio ungeandikwa wa kwanza, kwa sababu mtu anaacha soda anajisifu, halafu anamaliza mlima wa unga mweupe usiku na kulala nao. Chumvi nayo ni kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, ukihesabu ya mboga, ya supu na ile ya kurusha juu ya chipo.

Omwana wa Malava: Nilijua tu tutafika kwa ugali. Ikikosekana kesi ya kushtaki ni ugali. Kuka wangu, babu yaani, amekula ugali mara tatu kwa siku amefika miaka 91, hajui hata hospitali ina harufu gani.

Nasi Lanet: Kuka wako alikuwa analima na jembe kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Wewe unalima na kidole kwa simu.

Odijo K'Ondele: Haiyaaa. Malava wamepoteza.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega: Turudi kwa hoja. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa WHO walitangaza kwamba nyama za kiwandani kama soseji na bekon, na smokie ni ndugu yao, ziko kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani. Walisema gramu 50 kila siku zinaongeza hatari ya saratani ya utumbo kwa asilimia 18. Hizo ni kama smokie moja tu, na mtoto wa shule anakula mbili getini.

Shangi ya Molo: Kundi moja na sigara, si ndio? Kwa hivyo muuza smokie anauza sigara na kachumbari.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega: La, kundi linaonyesha ushahidi una uhakika kiasi gani, halisemi hatari ni kubwa kiasi gani. Sigara inaua zaidi sana. Na hiyo 18 inaongezwa juu ya hatari ndogo uliyokuwa nayo tayari, si kwamba watu 18 kati ya mia watakufa. Someni vizuri.

Odijo K'Ondele: Mwalimu shikamoo, wewe asubuhi unakunywa nini?

Mwalimu Mstaafu, Kakamega: Chai na sukari nguru. Ile haina kemikali.

Nasi Lanet: Mwalimu wangu, kwa heshima zote, sukari nguru ni sukari imevaa kanzu ya kahawia. Damu haiangalii nguo.

Omwana wa Malava: Mwacheni Mwalimu. Sukari nguru nayo inatulipa miwa, sasa mnataka kuiua pia.

Shangi ya Molo: Si hata sisi wa viazi tunaumia. 2022 KFC waliishiwa chipo kwa sababu viazi vyao vya kutoka ng'ambo vilichelewa, na huku Molo shangi, viazi vyetu, inamea kwa gunia kwa kukosa mnunuzi. Shangi haingoji mtu, wiki chache tu imetoa macho.

Kijana wa Section 58: Mmeanza siasa ya kilimo. NIMEULIZA NANI ALIPE.

Boda wa Shabab: Kila mtu alipiwe tu. Mimi nikianguka bila helmeti utasema nisitibiwe? Na walevi je? Ukianza kuchuja wagonjwa kwa makosa utabaki na watoto na masista.

Kijana wa Section 58: Boda ni kazi. Chapo nne si kazi.

Nyar Obunga: Na karai ya mama yangu ni kazi, lakini hiyo hukuiona. Na kwa taarifa yako mafuta anabadilisha, siku hizi ya kupima ni ghali hata kutupa unaona uchungu, ndio maana wengine wanarudia. Ukitaka mafuta mapya kila siku ongeza shilingi kumi kwa bei, usilie.

Guka wa Njoro: Nimesoma kimya tangu juu. Mimi nina sukari miaka 11. Kitu inaniuma si sukuma, sukuma nimezoea. Ni sahani yangu kukaa peke yake kwa ile stuli, imefunikwa, haina chumvi, na wengine wote wanachota sufuria moja. Mjukuu ana miaka sita, akiniona nimenyoosha mkono ananishika kidole, "Guka hiyo si yako." Anasema kwa upole kabisa. Kwa kibanda hakuna mtu ananishika kidole. Ninajua ni makosa, mita iko kabatini na ninaisoma mwenyewe. Huyo kijana amuulize mjomba wake anakula na nani nyumbani.

Odijo K'Ondele: Pole mzee. Lakini Nyar Obunga hukusema, kichwa cha mbuta sai ni pesa ngapi?

Nyar Obunga: Inategemea ukubwa. Kubwa ni mia mbili, na ukija na mdomo wa kutusi mafuta ni mia tatu.

Nasi Lanet: Guka, kliniki yako ni siku gani? Mpikiwe wote bila chumvi, kila mtu ajitilie mezani. Nitumie ujumbe kando.

Omwana wa Malava: Ugali bila chumvi tumekula tangu zamani, hakuna mahali ugali huwekwa chumvi, nasema tu.

Kijana wa Section 58: Nimempigia mjomba. Anakula na TV. Shangazi na watoto hula jikoni, yeye hutengewa sebuleni. Nimetuma mia tano kwa grupu, msiniulize zaidi.

Shangi ya Molo: Mia tano? Na vile ulikuwa unapiga kelele nikadhani ni elfu kumi.