Land Rover inamisi tambarare, mlimani safi: vakyumu au kabureta?

Mwambao_III: Wakuu, ni Land Rover Series III ya petroli, injini 2.25, distributa (kigawa moto wa plagi) ya Lucas yenye platini (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche), kabureta Zenith. Mtwara kwenda Mingoyo, mguu mwepesi, spidi 60 hivi, inamisi, yaani moto unakatikakatika. Ikipanda Newala nikakanyaga, inavuta vizuri kabisa. Fundi kachomoa mpira wa vakyumu (unaopeleka mvuto wa hewa kutoka kabureta hadi distributa) na kuuziba. Kumisi kumeisha, ila petroli inakwenda mno. Plagi, waya zake na kondensa ni mpya. Niuache hivyo?

Platini_Kavu: Usiuache, mkuu. Kwa mguu mwepesi mchanganyiko unaoingia kwenye silinda ni mchache na unaungua polepole, kwa hiyo moto lazima uwahi. Vile vyuma vyenye springi ndani ya distributa vinafuata mzunguko wa injini tu. Mzigo unasomwa na vakyumu. Ukiiziba, moto unachelewa na joto unalolilipia linatokea ekzosi.

Ugonjwa nauona ndani ya distributa. Kwa mguu mwepesi daiframu (utando ndani ya kopo la vakyumu) inavuta sahani iliyobeba platini, inageuka kidogo kinyume na roto (kizungushi cha ndani ya distributa) inavyozunguka. Ukikanyaga mlimani vakyumu inaanguka, sahani inarudi. Basi tafuta kinachoachia sahani ikigeuka: ule waya mfupi wa ethi kutoka kwenye sahani hadi kwenye bodi ya distributa, au waya unaoingia kwenye platini. Nyuzi hukatika ndani ya ganda, nje ukauona mzima. Ushike kwa koleo, uvute taratibu: ganda likirefuka kama mpira, umekwisha.

Hewa_Safi: Nakubali, lakini usifungue kitu kabla ya kupima. Daiframu iliyotoboka nayo inavuta hewa hadi kwenye kabureta, na ukiziba mpira kumisi kunaweza kuisha vilevile. Chukua bomba la sindano kubwa, mililita 60, ulichomeke kwenye kopo la vakyumu. Injini imezimwa, kifuniko kimetolewa: vuta. Sahani igeuke na ibaki hapo muda wote umeshikilia. Ikirudi yenyewe, daiframu imetoboka.

Ikishika, rudisha kifuniko, ziba tundu la kabureta ulikotoka mpira, washa, weka silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) juu kidogo, vuta tena. Mzunguko ukipanda bila kumisi, distributa haina kosa. Hamia kwenye jeti (vitundu vya petroli vya kabureta) na gasketi ya manifoldi (bomba la kuingiza mchanganyiko kwenye silinda). Ikimisi palepale, ni waya.

Platini_Kavu: Kipimo kizuri. Aongeze kimoja: apime uwazi wa platini, 0.35 hadi 0.40 mm, sahani ikiwa imetulia, kisha ikiwa imevutwa. Ukibadilika, sahani imelika na inayumba, waya mpya hautasaidia.

Chumvi_Shangani: Kwa sisi wa pwani, angalia pia kutu ya kijani pale skrubu ya ethi inapokaa. Kwangua hadi chuma king'ae. Waya mbadala uwe wa nyuzi nyembamba nyingi, ulegee vya kutosha sahani ikivutwa. Wa nyaya za nyumba, wenye uzi mmoja mnene, utakatika upesi. Risasi ya kulehemu ibaki kwenye ncha, maana ikipanda ndani waya unakakamaa na kukatika hapo hapo.

Mwisho weka taimingi (wakati wa plagi kuwasha moto) mpira ukiwa umechomolewa na kuzibwa kwa bolti, ndipo uurudishe. Ukichomeka kwenye manifoldi badala ya tundu la kabureta, silensa itapanda na utahangaika na skrubu bure.